Bezaleli Alisoma Misri

Masomo ya wiki: Kutoka 31:1–11, Kutoka 35:30–35



Jumanne iliyopita binti mmoja wa usharika wetu, mwimbaji wa sauti ya pili kwaya ya vijana, alipiga hodi ofisini akiwa na bahasha ya kaki kwapani. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia shida yake: anataka barua. Anaomba nafasi ya shahada ya uzamili katika usanifu majengo, hapa Chuo Kikuu Ardhi na katika vyuo viwili vya nje, na wanataka wadhamini watatu. Wawili ni walimu wake. Wa tatu nikawa mimi.

Nilifurahi, nikaandika palepale. Niliandika kama tunavyoandika wachungaji siku zote: ni msharika hai, amepata kipaimara hapa hapa, ana tabia njema, anaheshimu wakubwa. Nikagonga muhuri. Akaisoma, akaikunja taratibu, kisha akasema kwa adabu, "Asante Baba Mchungaji. Ila hawa hawaulizi kama mimi ni mpole. Wanauliza ninaweza kufanya nini, na kwa nini nataka kusoma tena."

Nilinyamaza. Ninamjua tangu Shule ya Jumapili, na sikuwa nimewahi kuona mchoro wake hata mmoja.

Akafungua bahasha. Ndani mlikuwa na kile ambacho wasanifu wenyewe wanakiita potifolio, kitabu cha kazi za mikono yao, na ndicho kinachobeba uzito mkubwa katika maombi ya namna hii. Chuo cha usanifu hakitosheki na alama za transkripti. Kinataka kuona jinsi unavyofikiri kwa penseli. Kurasa za mwanzo zilikuwa za majengo ya vioo, marefu, safi, mfano wa yale ya Posta. Nikasifia. Mwisho kabisa zilikuwepo karatasi mbili ambazo alitaka kuzipitisha haraka. Nikazishika. Ilikuwa nyumba ya mama yake, Mazizini, hapa Ukonga: vyumba vitatu vya mwanzo, viwili vilivyoongezwa walipotafuta wapangaji, baraza lililozibwa likawa duka, choo cha nje, na mfereji wa maji ya mvua unaopenya chini ya ukuta wa jirani. Amepima umbali kutoka kitandani hadi kwenye bati. Ameandika joto la saa nane mchana, chumba kwa chumba.

"Hizi mbona ziko mwisho?"

"Za kujazia tu, Baba."

Ndugu zangu, tangu siku hiyo nimekuwa nikimsoma Bezaleli.

Katika Kutoka 31 Mungu anamwita Bezaleli kwa jina, na huyu ndiye mtu wa kwanza ambaye Biblia inamtaja kwa jina kuwa amejazwa Roho wa Mungu. Hakuwa kuhani wala nabii. Roho alimjaza hekima ya kubuni, ya kufua dhahabu, fedha na shaba, ya kukata mawe na kuchonga mbao. Sisi tumezoea kumtafuta Roho kwenye maombi ya mkesha. Hapa amekaa karakanani.

Sasa jiulize: ufundi huo aliupatia wapi? Jangwani hakukuwa na chuo. Biblia haisemi, lakini taifa lile lilikuwa limetoka Misri, lilikotumikishwa kufyatua matofali na kujenga miji ya Farao, Pithomu na Ramesesi. Mimi naamini mikono ya Bezaleli ilizoea patasi Misri. Alisomea ugenini, kwenye kazi ya bwana mwingine, akaja kuutumia ujuzi huo kujenga hema ya watu wake.

Lakini kati ya wito wake katika sura ya 31 na kazi yake kuanzia sura ya 35, iko sura ya 32. Ndama. Watu walivua vipuli vya dhahabu, Haruni akavitengeneza kwa kifaa cha kuchongea. Dhahabu ya watu wale wale, na ujuzi wa namna ile ile. Kwa hiyo chuo kinapouliza kwa nini unataka kusoma, hakikuonei. Kinataka kujua unaelekea sura gani.

Sisi wa Ukonga tungepaswa kulielewa swali hili kuliko wengine. Mtaje Ukonga kwa mtu wa mkoani, atakuuliza habari za gereza. Ule ukuta nao ulichorwa na mtu aliyeketi mezani, akapima kimo ambacho binadamu hawezi kukiruka. Rula ile ile inachora wodi ya wazazi.

Binti alinisomea na insha yake. Ilianza kwa kusema kwamba tangu utotoni alipenda kuchora. Nadhani wanakamati wa udahili wamekutana na sentensi hiyo mpaka wanaiota usiku. Nikamuuliza jambo moja tu: katika majengo yako haya, nani analala humo? Kwenye yale ya vioo hakuwa na jibu. Kwenye ile ya Mazizini aliwataja wote, hadi mpangaji wa chumba cha uani anayefanya kazi usiku na hawezi kulala mchana kwa sababu ya joto.

Wapo waliotangulia njia hii. Beda Amuli, miongoni mwa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki, alisomea Technion, mjini Haifa, kwenye miteremko ya Karmeli, mlima wa Eliya. Akarudi nyumbani, akasanifu Soko la Kariakoo la miaka ya 1970, lenye paa la miamvuli mikubwa ya zege. Soko hilo liliungua Julai 2021, na katika maelfu waliowahi kununua vitunguu humo ni wachache waliolijua jina la Amuli. Alikuwa amefariki mwaka 2016.

Mwingine ni Francis Kéré wa Burkina Faso. Alikwenda Ujerumani mwaka 1985 kwa ufadhili wa kujifunza useremala, kazi ya Bwana wetu, akasoma shule ya jioni, kisha akaingia chuo kikuu cha ufundi cha Berlin. Hakusubiri joho. Mwaka 2001, angali mwanafunzi, shule ya msingi aliyoisanifu kwa ajili ya kijiji chake, Gando, ilikamilika: tofali za udongo, na bati lililoinuliwa juu ya dari ili hewa ya moto ipite katikati. Alihitimu mwaka 2004. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ni kubwa kuliko zote katika fani hiyo. Nilipomweleza binti habari za bati lile, alitabasamu. Alikuwa anazijua kuliko mimi. Hakuwa amezihusisha na chumba cha mpangaji wa mama yake.

Mama yake naye alikuja, siku ya pili, na swali lake: si amesoma miaka mitano tayari? Mama huyu anauza mboga na si mjinga. Katika Luka 14 Bwana anamsifu anayekaa kwanza akahesabu gharama za mnara, nasi tukahesabu. Vyuo vingi vya nje vinatoza ada ya maombi, tena kwa dola. Upo mtihani wa Kiingereza, nao unalipiwa. Marekani, aliye na shahada ya kwanza ya usanifu husoma kama miaka miwili, na aliyetoka fani nyingine huhitaji mitatu au zaidi. Milango mingi hufungwa Desemba na Januari. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza unataka uwe umefanya kazi miaka miwili, na ukimaliza urudi nyumbani kwa miaka miwili. Sharti hilo la kurudi wengine wanaliona mzigo. Mimi nalipenda. Tena uzamili peke yake haumfanyi mtu kuwa mbunifu majengo aliyesajiliwa: Bodi ya usajili inataka mafunzo ya kazini na mitihani yake.

Kwa hiyo nilimwambia mama kweli: mwanao anaweza kumtumikia Mungu na Ukonga bila shahada hiyo. Kama ni kwa ajili ya picha ya joho sebuleni, aache.

Ila Kutoka 35 ina mstari ambao tunaupita haraka. Mungu hakumpa Bezaleli ufundi tu. Alimtia moyoni, yeye na Oholiabu, wafundishe wengine. Tazama nyumba zetu. Nyingi hazikupita kwa msanifu. Ramani ilichorwa kwa kijiti mchangani, fundi akaambiwa "kama ya jirani," na msingi ukachimbwa palepale maji yanapopita yakishuka kuelekea Mto Msimbazi. Si kwamba mafundi wetu hawana akili. Wanajua kusuka nondo, wanajua kupaua, wanapiga lenta iliyonyooka. Hakuna aliyekaa nao akawaonyesha dirisha likae upande gani ili upepo upite, kwa bei ile ile ya tofali. Mtu akienda miaka miwili ili arudi kukaa na mafundi, hapo mimi nasaini.

Nikaandika barua upya, safari hii juu ya nilichokiona: zile karatasi mbili. Baadaye binti akaniambia kwamba chuo kimoja hakipokei udhamini wa viongozi wa dini. Basi. Itakwenda kwa vile viwili vingine.

Naye ameamua kuzitoa karatasi zile mwisho wa kitabu na kuziweka mwanzo, na kuongeza nyumba nyingine tisa. Ezekieli, katika sura ya 40, alimwona mtu mwenye uzi na mwanzi wa kupimia, na watu wakiwa bado uhamishoni. Kupima kulitangulia kujenga. Jumamosi hii na ijayo binti yetu atapita Mazizini na Mombasa, ile yetu ya Ukonga, akiwa na futi kamba na daftari. Hatumwi na serikali, na hatapiga alama ya X ukutani kwa mtu. Akipiga hodi, mfungulieni geti, mwonyesheni hata kile chumba mnachokionea aibu, na mbwa mfungeni.