Talaka ya Uzeeni na Hesabu ya Miaka

Katika vijiji vya pwani ya kaskazini ya Tanzania talaka si jambo geni. Mwali anapoolewa huwa amekwisha kuwaona shangazi zake wawili watatu waliopata kuachwa, wakakaa eda, wakaolewa tena, na hapana aliyewanyooshea kidole. Lakini talaka ya kijana na talaka ya mtu mzima mwenye wajukuu hazipimwi kwa pishi moja. Ya kijana huitwa bahati mbaya. Ya mzee huitwa aibu, na mara nyingi aibu hiyo hutwishwa mwanamke peke yake.

Tuchukue mfano wa mwanamke wa Mwera, kijiji cha Wilaya ya Pangani kilichoko kusini ya mto. Hatumtaji mtu yeyote. Tunamchora mama ambaye msomaji wa huko atamtambua kwa kazi zake. Aliolewa akiwa na miaka 18, na sasa ana miaka 60. Walipoanza hawakuwa na kitu. Yeye ndiye aliyechota maji yaliyokandiwa udongo wa kuta, akawapikia mafundi, akasuka makuti ya kuezekea. Na makuti yalipooza akasuka mengine, mpaka siku lilipoletwa bati. Shambani alilima mihogo katikati ya minazi michanga, na kila alipoipalilia mihogo yake aliipalilia na minazi ya mumewe. Wahenga walisema, mke ni nguo, mgomba kupalilia. Methali nzuri, ila imemfanya mke kuwa ndiye mwenye kupaliliwa, na hali jembe muda wote lilikuwa mkononi mwake.

Sasa tuseme mama huyu amechoka, naye anataka kuondoka. Wazee watamwita na kumwambia: “Mwanangu, miaka arobaini na miwili utaitupa?” Miaka ndiyo hoja yao kubwa, nayo ni hoja nzito. Lakini tuseme aliyechoka ni mume, naye ameandika talaka. Hapo hapana aitajaye tena ile miaka. Mama atatoka na sanduku lake, vyombo vyake na mkeka; nyumba na minazi vitabaki kwa mwenyewe, maana ndivyo vijulikanavyo kwa jina lake. Miaka ile ile iliyokuwa mizito ilipohitajiwa kumzuia imekuwa myepesi ilipohitajiwa kumlipa. Sisi tunaona kwamba hapo ndipo penye swali la haki, wala si katika kuuliza kama wazee wanaruhusiwa kuachana.

Taifa lilikwisha kulijibu swali hilo kwa kiasi fulani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa na wanandoa kwa jitihada yao ya pamoja. Inaagiza zitazamwe mila za jamii yao, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni waliyokopa kwa faida yao wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo kama wapo. Kwa wazee watoto wadogo hawapo. Kwa hiyo uzito karibu wote huangukia kwenye mchango. Na je, kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango? Mwaka 1983, katika rufani ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilijibu kwamba ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu, kwa kuwa Mahakama iliona kwamba alikuwa ametapanya fedha alizopewa na mumewe. Lakini mlango aliougonga ulibaki wazi kwa waliomfuata.

Wako watakaotupinga kwa hoja ya dini, na hoja yao haifai kupuuzwa. Watasema kuwa katika Uislamu mali ya mke ni yake na ya mume ni yake, hazichanganywi. Ni kweli, na ni jambo la kujivunia: Uingereza ilingoja hadi sheria ya mwaka 1882 ndipo mwanamke aliyeolewa akapata haki kamili ya kumiliki mali yake. Lakini hoja hiyo haimnyimi mama wa Mwera, humsaidia. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu, kwa kawaida hawakuihesabu kazi ya jikoni wala ya shamba kuwa wajibu wa mke utokanao na akdi ya ndoa. Basi kama jembe lile halikuwa deni lake, alilitia juu ya nini, kama si juu ya mali iliyopaswa kuwa na sehemu yake?

Huambiwa arudi kwao. Kwa msichana neno hili lina maana: yuko baba, yuko mama, chumba chake bado kipo. Kwa mtu wa miaka 60 kwao ni wapi? Wazazi wamekufa. Nyumba ni ya kaka, na jiko ni la wifi. Wanawe wamekwisha kuoa na kuolewa, nao wanamwonea haya kwa kuwa watu wanauliza. Akitokea mzee mwenzake wa kumposa, vijana watacheka, na hali baba yao akioa tena mwezi ule ule wataambiwa kwamba mwanamume hakai bila wa kumpikia. (Tunashangaa kuwa kupika, ambako juzi hakukuwa mchango, leo kumekuwa sababu ya kuoa.) Sheria ya dini kwa upande wake ilimpa mwanamke aliyekwisha kuolewa heshima ambayo kicheko hiki kinaisahau: mwali kunyamaza kwake ni ridhaa, lakini yeye hana budi kuulizwa na kujibu kwa ulimi wake.

Tunasema aanze upya. Mnazi hukaa miaka sita, saba au zaidi ndipo uzae. Mama huyu akipanda mche leo atakuwa na miaka 67 kabla ya kuangua dafu la kwanza, na ng'ambo ya ua minazi aliyoipalilia inaangusha nazi kila siku. Kabla kesi haijafika mahakamani sharti ipite kwenye baraza la usuluhishi, na wanaokaa barazani ni watu wa huko huko, walioiona nyumba ile ikijengwa. Wao hawahitaji hati. Wanajua ni nani aliyechota maji.