Unga Chini ya Kigoda

Afisa alivaa glovu, akakipindua kigoda cha marehemu Babu juu ya karatasi nyeupe, akakigonga mara tatu kwa kifundo cha kidole kama mtu anayebisha hodi. Ukadondoka unga. Haukujaa hata kijiko cha chai: laini kama sembe, mweupe wenye umanjano kidogo. Akaumulika kwa tochi, kisha akaniuliza kwa upole kama najua ni unga wa nini. Nilijua. Mtu aliyekulia Tabora haulizi unga wa namna ile umetoka wapi.

Ilikuwa usiku, kwenye uwanja wa ndege wa Perth, magharibi mwa Australia. Tulikuwa tunahama. Mume wangu alikuwa amepata kazi huko, nasi tukafanya kama wafanyavyo wote wanaohamia mbali: tukauza makochi, friji na kitanda kwa bei ya kutupa, tukagawa sufuria kwa majirani, tukabaki na masanduku manne. Ajabu ya kuhama ni kwamba vitu vya bei hubaki nyuma, na visivyo na bei ndivyo vinavyopanda ndege. Vyangu vilikuwa vitatu, vyote vya mti. Kulikuwa na kigoda cha mninga alichokichonga Babu kwa tezo, mbuzi ya kukunia nazi niliyoinunua Kariakoo mwaka nilioolewa, na kilindo cha Mama.

Kwa asiyekijua kilindo: ni boksi la mviringo linalotengenezwa kwa gome la mti wa miombo. Gome hubanduliwa zima, likakunjwa, likashonwa kwa kamba ya gome hilohilo, likawekewa kitako na mfuniko. Wazee wetu wa Unyamwezini waliweka humo nafaka, nguo, na chochote kisichotakiwa kuguswa na watoto. Mama aliweka humo khanga zake tangu alipoolewa. Siku ya kuagana alizitoa zote, akakipangusa kwa upindo wa khanga aliyovaa, akanikabidhi bila hotuba.

Kabla ndege haijatua tuligawiwa kadi ya abiria anayeingia. Ina maswali ya kujibu Ndiyo au Hapana, na mojawapo huuliza kama umebeba vitu vya mti, mimea, mbegu au majani makavu. Chini unatia saini. Rafiki yangu aliyetutangulia huko alikuwa amenipa ushauri kwa simu: “Dada, usijichongee. Ukisema ndiyo, wanakufungua masanduku yote.” Nikasita na kalamu mkononi. Mwishowe niliandika Ndiyo, nikajiona mwaminifu kuliko abiria wote.

Lakini uaminifu wangu ulikuwa na mpaka. Tulipofika kwenye meza ya ukaguzi nilitoa kigoda, nikatoa mbuzi. Afisa akaifunua mbuzi, akaukagua ubao wake juu na chini, akagusa meno ya chuma, akauliza chombo hiki kinaitwaje kwa lugha yetu. Mume wangu akanikanyaga mguu nisitafsiri, maana kwenye meza ile hapakuwa mahali pa kusema tumebeba mbuzi. Nikaeleza kazi yake tu. Ubao ulikuwa mkavu, hauna tundu wala gome, ukaruhusiwa. Kisha akauliza kama kuna kingine. Nikajibu, “Hakuna.”

Kilindo kilikuwa katikati ya sanduku la pili, kimezungushiwa vitenge saba. Nilikuwa nimejiandalia hoja tangu Dar es Salaam: wao wanauliza mti, na hili ni gome, tena ni chombo cha nguo. Hoja za namna hiyo huwa tamu ukiwa peke yako. Mashine ya miale ilikiona kabla sijamaliza kujitetea moyoni. Akakitoa, akakifungua, akanusa, nami nikasikia harufu ya udi na ya chumba cha Mama ikitoka mbele ya watu nisiowajua. Hakunifokea. Alisema angeweza kunitoza faini kwa kutotangaza, ila safari hii ananionya kwa kuwa kadi yangu ilisema Ndiyo. Gome, akasema, ndipo wadudu wanapopenda kutaga na kujificha. Nikaambiwa nichague: kilindo kirudishwe nilikotoka kwa gharama yangu, au kiteketezwe. Kigoda kingeweza kuokolewa kwa kufukizwa gesi, nayo ni kwa gharama yangu.

Tulikuwa tumebakiwa na fedha za mwezi mmoja wa pango. Nilitia saini kilindo kiteketezwe.

Njiani kwenye teksi nilikuwa na hasira ya mtu aliyedharauliwa. Nilimwambia mume wangu kwamba watu hawa wanatuona sisi ndio uchafu. Yeye hubishana kwa takwimu na historia, basi akanikumbusha sungura. Mwaka 1859 tajiri mmoja huko jimbo la Victoria aliachia sungura wachache kutoka Uingereza porini mwa shamba lake, apate wa kuwinda. Wakazaana mpaka wakawa janga la nchi nzima, wakala malisho, wakamomonyoa ardhi, wakajengewa uzio wa maelfu ya kilomita ambao haukuwazuia. Mwaka 1935 waliletwa vyura wa sumu kutoka Hawaii ili wawale wadudu wa miwa huko Queensland. Wadudu hawakuliwa, vyura wakaenea. “Hawa wameumwa na nyoka,” akasema, “lazima waogope ung’ongo.” Sheria yao ya karantini ilikuwa ya mwaka 1908, na nyingine mpya ilipitishwa 2015 kuchukua nafasi yake. Nikamwambia anyamaze, nimechoka.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kumpigia Mama. Nilikaa siku tatu bila kupiga. Siku ya nne nikapiga.

“Shikamoo Mama.”

“Marahaba mwanangu. Mmefika salama? Kilindo changu hakikuvunjika?”

Nikamwambia yote, hata lile la vitenge saba. Akanyamaza muda mrefu hata nikadhani salio limekwisha. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: “Kigoda cha Babu yako kilikuwa kinatoa unga?” Nikasema ndiyo, upande mmoja. “Upande ule mweupe,” akasema. “Nilimwambia Babu yako auchonge autoe, akasema unapendeza.”

Mafundi wa mbao wanalijua hilo. Moyo wa mninga ni mwekundu wa kahawia, mgumu, mdudu hauwezi. Lakini sehemu nyeupe iliyo karibu na gome ni laini na ina wanga, nayo hubunguliwa upesi. Babu alikuwa ameuacha mstari mweupe ukingoni mwa kigoda kwa sababu ya urembo. Mdudu aliingilia hapo penye urembo.

Ndipo Mama akanisimulia habari ya Scania. “Nilikuwa bado nakubeba mgongoni,” alianza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wa Tabora walifungua vihenge vyao wakakuta mahindi yamebaki umbo tu. Unashika gunzi, linakuwa unga mkononi. Makopa ya muhogo nayo yakawa hivyohivyo. Wazee waliwajua fukusi tangu enzi, lakini huyu hakuwa fukusi wao: alikula usiku na mchana, na sauti yake ya kutafuna ilisikika nje ya kihenge. Wakampa jina la dumuzi. Wengine wakamwita Scania, kwa jina la malori makubwa yaliyokuwa yakipita na mizigo.

Baadaye wataalamu walieleza alikotoka. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati, na inaaminika alivuka bahari ndani ya shehena ya mahindi. Hakuna aliyemleta kwa ubaya. Pengine waliopakia shehena ile walidhani wanaokoa watu na njaa. Kutoka Tabora alisambaa na magunia ya mahindi mkoa hadi mkoa, akavuka hadi Kenya na nchi jirani. Wakulima walifundishwa kupukuchua mahindi badala ya kuyahifadhi kwenye magunzi, na kuyachanganya na dawa ya unga. Familia iliyokuwa ikila bila kununua chochote ikaanza kununua dawa kila mavuno, mpaka leo. Na dumuzi huyu ni wa ukoo wa wadudu wanaotoboa miti. Mahindi ni tabia aliyojifunza. Porini bado anaishi kwenye mbao.

“Sasa niambie,” Mama akasema, “siku ile bandarini, kama angekuwepo mtu mwenye tochi na karatasi nyeupe, akayagonga yale magunia, sisi tungemwita mwenye dharau?”

Sikuwa na jibu. Tuna msemo tunaoupenda, mgeni njoo mwenyeji apone. Tumeusema mara nyingi hata tumesahau kwamba ni ombi. Mwenyeji anamwomba mgeni afike na heri. Mgeni kwa upande wake ana deni dogo: asimame mlangoni, apige hodi, angoje aitikiwe karibu. Hodi haimaanishi kwamba mwenye nyumba anamshuku. Ni njia ya mgeni kusema kwamba anajua nyumba hii si yake. Nilipojibu “Hakuna” pale mezani, niliingia kwa watu bila hodi, nikiwa nimemficha mgeni mwingine nisiyemjua ndani ya vitenge.

Kilichonitesa ni kwamba nilificha kwa mapenzi. Wala si mimi peke yangu. Magugu maji yaliyoziba mialo ya Ziwa Victoria asili yake ni Amerika ya Kusini, nayo yalienezwa duniani kama ua la kupamba madimbwi. Tunachokichukia hatukifungashi. Tunafungasha tunachokipenda, na kwa kuwa tunakipenda hatukigongi juu ya karatasi kuona kinadondosha nini. Babu alipenda mstari mweupe. Mimi nilipenda kilindo. Anayetupenda sisi bila kuvipenda vitu vyetu ndiye anayeweza kutuonyesha unga, na mara nyingi tunamwita adui.

Karantini si kitu kigeni kwetu. Neno lenyewe lilitokana na siku arobaini ambazo meli zilitiwa nanga nje ya Venice kwa hofu ya tauni. Kisiwa cha Changuu, mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja, kilikuwa na kituo cha kuwazuia wasafiri kabla hawajaingia mjini, hata kama watalii leo hupelekwa huko kuona kobe. Kule nyumbani tuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na maofisa wake bandarini na mipakani tunawaona kama watu wa kuchelewesha mizigo. Hata paleti zile ambazo mafundi wa mitaani hugeuza kuwa makochi, ukizichunguza utakuta muhuri wenye suke la ngano na herufi HT. Maana yake ni kwamba mbao zile zilipashwa moto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30. Zimepiga hodi kabla ya kupanda meli.

Kigoda kilirudi baada ya wiki kadhaa kikiwa na cheti. Kilifukizwa kwa methili bromidi, gesi kali inayoharibu tabaka la ozoni. Dunia ilikubaliana kuachana nayo isipokuwa kwa kazi chache, na karantini ni mojawapo. Nikafikiri: hewa ya watu wote imelipa kidogo kwa ajili ya urembo wa Babu. Matundu bado yapo, lakini unga haudondoki tena.

Nilidhani hadithi imeishia hapo mpaka nilipoanza kuujua mji. Mwaka 2021, huko Fremantle ya Mashariki, kitongoji cha Perth, alionekana mdudu mdogo mfano wa punje ya ufuta, asili yake Asia. Anatoboa miti hai na kupanda humo kuvu anayoila, na kuvu hiyo huikausha miti. Mji mzima wa Perth uliwekwa karantini: kuni na matawi mabichi hayakuruhusiwa kutoka nje ya mpaka wake. Kwenye bustani nilikokuwa nikimpeleka mwanangu, miti mikubwa ilikatwa. Asubuhi moja nilimkuta mzee jirani amesimama mbele ya kisiki, kofia mkononi kama mtu aliye msibani. Akaniambia alimposea mkewe chini ya mti ule. Nilitaka kumwambia pole kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza hakina neno hilo. Nikasimama naye tu. Karantini iliyoteketeza kilindo cha Mama ilikuwa imeukata mti wake pia.

Mwezi uliopita Mama alipiga simu. Mjukuu wake anatimiza miaka mitano na yeye ametafuta mwiko wa mninga wa kumtumia.

“Nimechagua uliotoka katikati ya mti,” akasema. “Hauna weupe hata kidogo. Na kwenye fomu nimemwambia kijana aandike: mwiko, mti, mmoja. Asifiche.”

“Asante Mama. Lakini wataukagua.”

“Waukague. Mimi nimeshaukagua. Ngoja.”

Nikasikia karatasi ikitandazwa mezani, kule Tabora, kisha mti ukigongwa: ngo, ngo, ngo.

“Umesikia?” akauliza Mama. “Hakuna unga.”

“Karibu, Mama,” nikasema.