Kiti Kibovu Usikitupe

Bwana mmoja wa Leicester, mstaafu mwenye gereji ndogo nyuma ya nyumba, alinunua Triumph Bonneville iliyorudishwa Uingereza kutoka Marekani, kama zilivyorudishwa nyingi za aina yake. Kwa umri wake haikuwa mbaya: injini inazunguka, tangi halina tundu, hati zipo. Kilichomkera ni kiti. Reksini ilikuwa imepasuka katikati, sponji imegeuka unga wa kahawia, na bati la chini limeliwa na kutu kiasi cha kidole kupenya. Jumamosi ileile alikifungua, akakipakia kwenye gari pamoja na mbao za uzio uliooza, akaenda kukitupa jalalani. Yote yaliyompata baadaye yalianzia hapo.

Aliamini kwamba pikipiki iliyouzwa kwa wingi namna ile haiwezi kukosa viti. Mawazo hayo yana mantiki yake, ila jina la Bonneville limebeba pikipiki nyingi. Ya kwanza ilitoka katika kiwanda cha Meriden, karibu na Coventry, mwaka 1959. Mwaka 1963 injini na gia zikawekwa ndani ya kasha moja. Mwaka 1971 fremu ikabadilishwa. Mwaka 1973 wafanyakazi walikalia kiwanda kisifungwe, wakaja kukiendesha wenyewe kwa ushirika hadi kilipokufa mwaka 1983. Jina likanunuliwa na mfanyabiashara John Bloor, na leo Bonneville mpya ni za kampuni yenye makao Hinckley, zenye viti visivyohusiana kwa lolote na vile vya Meriden. Ukiulizia kiti cha Bonneville bila kusema zaidi, umeuliza habari za zaidi ya miaka 60.

Yeye alisema zaidi kidogo. Hati ilionyesha pikipiki imetengenezwa mwaka 1970, naye akaagiza kiti cha 1970, kipya, cha kuigiza. Viti vya namna hiyo hutengenezwa kwa wingi India na kwingineko, na si haki kuvilaani vyote. Vipo vinavyokaa bila taabu, na vipo ambavyo matundu yake ya bawaba yametobolewa kwa kukisia tu. Hiki chake kilikuwa kizuri kwelikweli: mshono umenyooka, sponji ngumu kiasi, bati limepakwa rangi. Kasoro yake ilikuwa moja: hakikuikaa ile pikipiki. Bawaba ziliangukia mahali pasipo na cha kuzishika, na komeo lilining'inia hewani.

Jibu la fumbo lile lilikuwa limegongwa kwenye shingo ya fremu, mbele ya namba: herufi mbili, XE. Tangu 1969 Triumph waliweka herufi ya mwezi na herufi ya msimu. X ni Desemba, na E ni msimu wa 1971. Kiwanda hakikuhesabu mwaka kwa kalenda ya ukutani. Pikipiki za mwaka unaofuata zilianza kuundwa baada ya likizo ya kiangazi. Hati basi haikudanganya. Pikipiki iliundwa kweli Desemba 1970, lakini katika kitabu cha vipuri ni ya 1971.

Tena 1971 ni mwaka mbaya wa kukosea. Ndio mwaka fremu mpya ilipoingia, iliyochorwa Umberslade Hall, kituo cha utafiti cha kampuni ya BSA iliyokuwa ikiimiliki Triumph. Tangi la oili la ubavuni liliondolewa, na oili ikahamishiwa ndani ya bomba nene la mgongo wa fremu yenyewe. Ujanja wa kupendeza kwenye karatasi. Kiti kikapanda juu, na waendeshaji wenye miguu mifupi wakawa wanachuchumia kwenye kila taa nyekundu, hadi kiwanda kikaanza kushusha kimo. Kwa sababu hiyo hata kiti cha 1971 na kile cha miaka miwili mbele si kitu kimoja, ingawa kwenye picha iliyopigwa kutoka juu huwezi kuvitofautisha.

Kama kile kiti chakavu kingekuwepo, suala lingeisha kwa dakika tano. Angevilaza viwili hivyo sakafuni kifudifudi, aone kwa macho kwamba bawaba hazilingani, arudishe kipya kwa muuzaji. Fundi cherehani akiletewa kitambaa ashone suruali, huomba ile ya zamani hata kama imechanika magotini, kwa kuwa anachokitaka ni vipimo. Bati lililooza hubaki na vipimo vyake: umbali kati ya pini za bawaba, mpindo wa pua inapokutana na tangi, mahali pa vile vifuto vidogo vya mpira vinavyoegemea fremu. Tena mara nyingi halihitaji hata mrithi. Fundi bati hukata sehemu iliyoliwa na kuchomelea kipande kipya, sponji ikamwagwa au kukatwa upya, na reksini ikaanikwa juani ilainike kabla ya kuvutwa kwenye meno ya ukingoni.

Mzee mmoja wa chama cha wenye pikipiki za zamani alimwambia maneno karibu na hayo, na akaongeza lingine ambalo ningependa kila mnunuzi aliweke kichwani. "Usimwombe muuzaji picha ya kiti, bwana. Mwombe picha ya chini ya kiti, na futi ya kupimia imelazwa juu yake." Juu ni reksini tu, na mtu yeyote mwenye sindano anaweza kuipendezesha. Muuzaji anayetaka malipo ya awali huku akikwepa kupiga picha ya upande wa pili, ama hana kiti mkononi ama anajua kilivyo.

Ushauri ulikuja umechelewa. Bwana yule alikuwa tayari ameshika msumeno. Hapa ndipo uvumilivu wangu kwake unapoisha, maana kununua kitu kisichofaa ni ajali ya kawaida, lakini kuikata pikipiki ili ikitoshe ni kusudi. Alikata vishikio viwili vya bawaba kwenye fremu, akavisaga mpaka pakawa laini, kisha akakifunga kiti kwa boliti nne kutokea chini. Kilikaa. Kwa mbali kilipendeza, na majirani walimsifu.

Katika fremu ile mpya kifuniko cha oili, chenye kijiti cha kupimia, kiko nyuma ya tangi la mafuta, chini ya pua ya kiti. Kiwanda kiliweka bawaba kwa sababu hiyo: unainua kiti, unapima, unakifunga, unaondoka. Sasa ili apime oili ilimbidi alale chini na spana, afungue boliti nne, mbili zikiwa zimejificha nyuma ya betri. Kwa wiki za kwanza alifanya hivyo. Baadaye akawa anapima akikumbuka. Injini hizi za Meriden si za kusahau. Hudondosha oili barazani na huichoma njiani. Katikati ya kiangazi, akipanda mlima akiwa na gia ya tatu, alisikia mlio mzito wa kugonga ukitokea chini ya silinda, akazima, akarudi nyumbani juu ya lori. Bearing za konrodi zilikuwa zimekwisha na krenki imechubuka. Hesabu ya mafundi ilizidi bei ya viti kumi.

Injini ikiwa mezani, alikwenda Beaulieu, Hampshire, kwenye lile gulio la vipuri vya zamani la Septemba, lililoanza 1967, ambako watu hutandaza mabati yao kwenye majani. Safari hii alibeba kipande cha katoni alichokikata kwa kufuata pikipiki ya mwanachama mwenzake, XE kama yake. Alipata bati la 1971 lisilo na sponji wala reksini, lenye kutu ya juujuu tu. Muuzaji alitaja bei kubwa kuliko ya kiti kipya cha kuigiza, na kwa kuwa alimwona mnunuzi analilinganisha na katoni yake na kutabasamu, hakupunguza hata pauni moja.

Likabaki suala la vishikio. Fundi wa kuchomelea aliitazama fremu, akainusa, akakataa kuiwashia moto mpaka bomba la mgongo limwagwe oili yote, lioshwe na likauke, kwa sababu anajua mvuke wa oili unavyofanya ndani ya bomba lililofungwa. Kazi ya kuosha ilichukua muda mrefu kuliko ya kuchomelea. Vishikio vipya vilipimwa kwa katoni ileile, na fundi akadai malipo ya kazi mbili.