Mwalimu Ndani ya Nyumba

Mzazi ni mwalimu wa kwanza wa mtoto, na jambo hili halina mjadala. Mtoto hujifunza kwa wazazi wake kusema, kutembea, kula kwa mkono wa kulia na kuwaamkia wakubwa, kabla hajapata kuona ubao wala chaki. Mjadala huanza pale mzazi anapokusudia kuendelea na kazi hiyo hata baada ya umri wa shule kufika. Asimtoe mtoto nyumbani kumpeleka shuleni, bali aichukue shule yenyewe na kuiingiza nyumbani, pamoja na vitabu vyake, saa zake na mitihani yake. Hapo mtu mmoja huwa na vyeo viwili, na huzaliwa swali ambalo wauza vitabu hawana sababu ya kuliuliza: je, yawezekana mtu awe mzazi na mwalimu wa mtoto yule yule, kutwa nzima, na mtoto huyo akabakiwa na pa kukimbilia?

Kwa muda mrefu swali hili lilikuwa la watu wachache. Katika Marekani lilipata nguvu baada ya 1977, mwaka ambao John Holt, mtu aliyekuwa mwalimu wa shule na kukata tamaa nayo, alianza kutoa jarida la kuwasaidia wazazi wafundishao nyumbani. Na ilipofika 1993 majimbo yote 50 yalikuwa yameyaruhusu mafunzo hayo kwa namna moja au nyingine. Ujerumani imeshika njia nyingine. Huko sheria humtaka mtoto ahudhurie shule, na 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliyakataa malalamiko ya wazazi waliotaka kuwafundisha watoto wao wenyewe. Katika Afrika ya Mashariki swali liliingia bila ya kubisha hodi, mwezi wa Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya korona. Tanzania ilizifungua tena mwezi wa Juni. Wanafunzi wengi wa Kenya walingoja mpaka Januari 2021. Na Uganda shule hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Katika miezi hiyo watu ambao hawakupata kutamani ualimu hata siku moja waliamka asubuhi wakajikuta walimu. Wengi waliiacha kazi hiyo kwa furaha siku kengele za shule zilipolia. Wachache waliipenda, wakaendelea nayo.

Mwenye kuianza kazi hii hukutana kwanza na wingi wa mitaala. Upo mtaala wa kufuata wanazuoni wa kale, wenye Kilatini na mantiki. Upo usiokuwa na kitabu maalumu, mtoto akaachwa afuate hamu yake. Upo uliofungwa wote katika sanduku moja, hata maneno atakayoyatamka mzazi yameandikwa tayari. Mzazi wa Nairobi akinunua sanduku la Marekani, mwanawe hujikuta akihesabu senti za nchi asiyoijua, na kusoma habari za theluji huku jasho likimtiririka. Hilo peke yake si kosa, kwani elimu ni pamoja na kuyajua ya mbali. Lakini mtoto anayeijua theluji ya wenzake asiijue masika ya kwao amepunjwa.

Hata hivyo, hatari kubwa ya wingi huu si kwamba mzazi atachagua kitabu kibaya. Ni kwamba kila kitabu humpa mzazi mahali pa kuitupa lawama. Wiki za mwanzo huwa za harusi: madaftari mapya, ratiba imebandikwa ukutani, mtoto yu tayari kabla ya saa mbili. Kisha siku moja mtoto hulia juu ya hesabu ya kugawanya. Mama hupandisha sauti, mtoto huinamisha kichwa, na chakula cha mchana huliwa kimya. Usiku, watoto wamelala, mama hufungua orodha ya mitaala mingine. Kabla ya mwaka kwisha mtaala wa tatu umekwisha kununuliwa, na miwili ya kwanza imepangwa rafuni kama vyombo vya mgeni asiyekuja. Kitabu kimebadilishwa, na waliokaa mezani ni wale wale.

Yafaa kuuliza kwa nini mtoto anayemtii mwalimu wa shule humkaidi mama yake kwa somo lile lile. Watu husema ni mazoea, na kwamba mazoea huleta dharau. Jibu hilo ni jepesi mno. Kosa la hesabu mbele ya mwalimu wa shule ni kosa la hesabu. Mbele ya mama kosa hilo hilo huwa ni kumhuzunisha yule ambaye mtoto hawezi kuishi bila ya mapenzi yake. Na mama naye haoni kosa la hesabu peke yake: huona hukumu juu ya uamuzi wake wa kumtoa mtoto shuleni, husikia maneno ya mawifi na majirani, na huogopa. Basi wawili hao hukaa mbele ya tarakimu nne zilizoandikwa kwa penseli, na kila mmoja anatetea kitu kikubwa kuliko tarakimu hizo. Hakuna mtaala ulioandikwa ukaweza kukiponya kitu hicho, kwa kuwa hakimo katika mtaala.

Charlotte Mason, Mwingereza aliyezaliwa 1842 na ambaye kitabu chake juu ya mafunzo ya nyumbani kilitoka 1886, hakupata kuwa na mume wala mtoto. Huenda ndiyo sababu aliliona jambo hili wazi zaidi kuliko wazazi. Alitaka masomo ya mtoto mdogo yawe mafupi, yasizidi dakika 20, na alasiri iwe ya nje. Tena chama chake kilipeleka ratiba za masomo nyumbani kwa watu kwa njia ya posta, na majibu ya mitihani yakarudi kwa posta hiyo hiyo kusomwa na mtu mwingine. Wanaomfuata leo aghalabu husifu vitabu alivyovichagua. Posta ile hawaitaji sana. Lakini posta ile ilifanya kazi kubwa: ilimwambia mtoto kwamba mama si hakimu wa mwisho wa akili yake, na ilimpunguzia mama mzigo wa kuwa hakimu huyo.

Wazee wa pwani waliijua siri hii ijapokuwa hawakuiandikia risala. Mtoto alipelekwa chuoni akasomee barazani kwa mwalimu, hata kama nyumba ya mwalimu ilikuwa ya tatu kutoka kwao na baba mtu mwenyewe alikuwa msomi. Aliyechapwa bakora huko alirudi nyumbani akamkuta mama bado ni mama. Mambo ya utu uzima msichana hakufundishwa na mama yake mzazi, bali na somo wake au kungwi. Mama alikuwa na haya kwa bintiye, na binti kwa mamaye, na haya hiyo haikuhesabiwa kuwa udhaifu. Ilihesabiwa kuwa ukuta wa heshima ambao mapenzi yao yaliegemea. Juu ya hayo alikuwapo bibi, ambaye utani wake na mjukuu ulikuwa mlango wa tatu. Kwa hiyo mtoto aliyefukuzwa na mlango mmoja alikuwa na miwili ya kubisha.

Yumkini mtu atajibu kwamba Mwana Kupona binti Mshamu alimfundisha bintiye mwenyewe, na utendi wake wa 1858 ni mtaala wa nyumbani uliotimia: dini, adabu, ndoa na mwenendo wa nyumba. Ni kweli. Lakini hali ya mafunzo hayo isisahauliwe. Mama ni mgonjwa. Maradhi yamemshika mwaka mzima. Anamwita binti asogee na wino na karatasi. Ni wasia, na wasia ni somo ambalo mwalimu wake anaaga. Binti alibaki nao aurudie kwa wakati wake, bila ya jicho la mtu begani kwake.

Miaka hiyo hiyo, katika Unguja, Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa 1844, alifundishwa ndani ya jumba la baba yake. Mtaala wa jumba uliwataka mabinti wasome tu, kuandika hawakufundishwa. Salme alijifundisha kwa siri, akiziiga herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Nyumba ile ilimnyima ilimu, lakini ilikuwa na pembe nyingi, na katika pembe moja mtoto aliweza kuwa peke yake na mfupa wake. Mwaka 1859, katika fitina ya nduguye Barghash dhidi ya Sayyid Majid, mkono ule ulioandika kwa siri ndio uliotumiwa kuandika barua za waasi. Na 1886 akachapisha kwa Kijerumani kitabu cha kumbukumbu zake. Mzazi anayedhani kwamba mtaala wake ndio mpaka wa elimu ya mtoto na aukumbuke mfupa ule.

Kuna hoja moja nzito dhidi ya maneno haya, nayo haifai kupitwa kwa haraka. Wapo watoto ambao shule ndiyo iliyowatesa. Mmoja ana kigugumizi na huchekwa kila anaposimama kusoma. Mwingine masikio yake ni mazito na darasa lina wanafunzi 70. Mwingine hupigwa na wenzake njiani. Kwa hawa nyumba si shule mpya. Ni kimbilio, na mzazi anayewatoa shuleni amefanya wajibu wake. Hoja ni ya haki. Lakini inaongeza hatari, haiipunguzi. Maana mtoto aliyekimbilia nyumbani akikuta nyumba nayo imegeuka darasa, atakimbilia wapi tena? Kwa mtoto wa namna hiyo saa ya kufunga kitabu ni muhimu kuliko kitabu, na baba au shangazi asiyejua lolote juu ya masomo yake ni hazina.

Labda hapa ndipo haki ya kuchagua inapoonekana sura yake. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwaruhusu wazazi wa jamaa ya Waamishi, wakulima washika dini wa Wisconsin, kutowapeleka watoto wao shuleni baada ya darasa la nane. Dola ilisema yake, wazazi wakasema yao. Hakimu mmoja, William Douglas, aliuliza katika hukumu yake ya kupingana kwa sehemu: watoto wenyewe wanasemaje? Lilikuwa swali dogo katika kesi kubwa, na halikushinda. Walakini lafaa liulizwe katika kila nyumba. Haki ya mzazi juu ya elimu ya mwanawe yafanana na haki ya msimamizi wa mali ya yatima. Huishika, huitumia kwa faida ya mwenyewe, humzuia hata yatima asiichezee. Lakini si yake, na siku ya kutoa hesabu inakuja. Mzazi anayechagua Kilatini au kilimo, hesabu au hadithi, achague kama mtu atakayeulizwa na mtu mzima ambaye leo ni mtoto wa miaka saba.

Mtoto mmoja aliitoa hesabu hiyo kwa maandishi. John Stuart Mill alizaliwa London mwaka 1806, wa kwanza kati ya ndugu tisa, na baba yake, James Mill, aliamua kumfundisha mwenyewe. Kama uteuzi wa mtaala ungetosha, basi nyumba ile ingekuwa pepo. Kigiriki alikianza na miaka mitatu, Kilatini na miaka minane, mantiki na kumi na miwili. Mwalimu alikuwa mmoja wa wanafalsafa wa zama zake, na kujitoa kwake hakuna mfano: aliandika kitabu chake kikubwa cha historia ya Uhindi juu ya meza ile ile ambayo mtoto alisomea, na kwa kuwa kamusi ya Kigiriki kwa Kiingereza haikuwapo, mtoto alimwuliza maana ya kila neno asilolijua. Baba, ambaye hakuwa mtu wa subira, aliinua kalamu, akajibu, akarudi kuandika. Ni vigumu kulisoma jambo hilo bila ya kumheshimu.

Watoto wengine hakuchezanao. Alipofika miaka minane alianza kuwafundisha wadogo zake, akawajibika kwa masomo yao. Kisha, katika majira ya kupukutika majani ya 1826, akiwa na miaka 20, alijiuliza kama angefurahi lau malengo yake yote yangetimia, na moyo ukajibu kwamba hapana. Miezi ya giza ikafuata. Alitamani mtu wa kumwambia. Baba, ambaye kwa shida nyingine yoyote angemwendea, alikuwa mtu wa mwisho kumfikiria kwa shida hii, maana ugonjwa ulitokana na mafunzo, na aliyefundisha ndiye baba. Machozi yaliyoanza kumfungua yalimtoka juu ya kitabu cha Mfaransa Marmontel, penye habari ya kijana aliyefiwa na baba yake. Baadaye, mwaka 1828, mashairi ya Wordsworth yalimpa kile ambacho orodha ndefu ya vitabu vya nyumbani haikumpa.

Hakugeuka adui wa baba yake, wala hakuwa mtetezi wa shule za namna moja kwa watu wote. Katika kitabu chake juu ya uhuru, cha 1859, alizipinga, ijapokuwa aliitaka serikali ihakikishe kwamba kila mtoto anasomeshwa. Tawasifu yake ilitoka 1873, mwaka aliokufa. Vitabu alivyosoma tangu utoto vimo, kimoja baada ya kingine, na umri aliovisomea. Mama yake, Harriet, aliyezaa watoto tisa na kuishi katika nyumba ile miaka yote ya Kigiriki na Kilatini, karibu hatajwi kabisa. Nani aliyemfunika mtoto shuka usiku, baada ya kamusi kufungwa, kitabu hakisemi.