Maradhi ya Njia ya Mkojo, na Dhulma Wanayofanyiwa Wake Zetu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu, huenda baadhi yenu mkaona haya kuyasoma mbele ya watu haya tunayoyaandika leo. Twawakumbusha kwamba sahaba Salman Al-Farsi (R.A.) alichezwa shere na washirikina, wakimwambia kuwa Mtume wake humfundisha kila kitu hata namna ya kwenda haja. Salman hakuinamisha kichwa, bali alikiri kuwa ndivyo, kisha akawatajia hukumu zenyewe moja baada ya moja. Na Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya yao haikuwazuia kuielewa dini. Basi haya imfanyayo mtu ajisitiri ni katika imani, lakini haya imfanyayo mtu afe na ujinga wake si haya, ni udhaifu.

Lililotutia kuandika ni kisa hiki. Alitujia mtu baada ya darsa ya Magharibi akatuuliza namna ya kuiandika talaka. Tulipomuuliza sababu, alinyamaza kitambo, kisha akasema kuwa mkewe, naye ni mja mzito wa miezi mitano, analalamika kuwa mkojo wamwunguza, na kwamba watu wazima nyumbani wamemwambia kuwa maradhi hayo mwanamke hayapati ila akiyatoa nje. Tukamwambia, "Ndugu yetu, izuie kalamu yako, umpeleke mkeo kwa daktari." Hakutusikia. Alimrudisha kwa wazee wake, na huko, kwa kuogopa aibu, hapana aliyemtaja daktari. Aliandikiwa makombe akayanywa, akafungwa hirizi kiunoni, akaambiwa ana jini. Siku ya kumi na mbili alishikwa na homa ya kutetemeka na maumivu ya ubavu, akatapika usiku kucha, ndipo alipochukuliwa hospitali alfajiri. Daktari aliupima mkojo wake akasema kuwa maradhi yamekwisha panda hadi kwenye mafigo, na kwamba asili yake ni vijidudu vilivyotoka katika matumbo yake mwenyewe. Alhamdulillahi, alinusurika yeye na mimba yake. Lakini si kila mmoja hunusurika, na ndipo ikatupasa kusema.

Je, maradhi haya hutoka wapi? Mwaka 1885, daktari mmoja Mjerumani, Theodor Escherich, alikuwa akichunguza choo cha watoto wachanga katika mji wa Munich, akaona humo kijidudu chenye umbo la kijiti ambacho hakionekani ila kwa darubini. Baadaye kijidudu hicho kiliitwa kwa jina lake, Escherichia coli, na kwa mkato E. coli. Kijidudu hiki kimo katika matumbo ya kila mmoja wetu: mwanachuoni na asiyejua kusoma, mwali na mwenye mume, mcha Mungu na fasiki. Na aghlabu yake hakidhuru kikiwa mahali pake, bali husaidia mwili kupata vitamini K. Lakini mgeni mwema wa barazani si lazima awe mwema akiingia chumba cha ndani. Baadhi ya vijidudu hivi vikitoka tupu ya nyuma vikafika tupu ya mbele, hupanda njia ya mkojo hadi kwenye kibofu. Na vina nyuzi nyembamba kama malaika ya mwili, ambazo kwazo hujishikiza katika kuta za kibofu, hata mkojo upitapo usiweze kuvikokota vyote. Hapo ndipo mtu huona moto katika kukojoa, na haja ya mara kwa mara isiyotoa ila matone, na mkojo kuwa na ukungu au damu. Katika watu wazima waliokuwa wazima wa mwili, maradhi haya yakishika, basi kiasi cha mara 75 hadi 80 katika kila 100 sababu yake ni kijidudu hiki cha matumboni.

Na kwa nini wanawake wapatwe zaidi kuliko waume? Si kwa dhambi zao, bali ni kwa maumbile aliyowapa Mola wao. Njia ya mkojo ya mwanamke urefu wake ni kama sentimita 4, na ya mwanamume ni kama sentimita 20. Safari ya kijidudu kwa mwanamke ni fupi, tena mlango wa njia hiyo u karibu na tupu ya nyuma. Kwa hivyo kiasi cha nusu ya wanawake wote, au zaidi, hupatwa na maradhi haya japo mara moja katika umri wao. Mtoto wa kike asiyejua lolote hupatwa, na bibi kizee aliyefiwa na mume miaka ishirini hupatwa. Je, hao nao wameyatoa nje?

Labda mtu atasema, "Lakini yako maradhi ya zinaa ambayo nayo huunguza mkojo." Twajibu kuwa ni kweli yako, na ndiyo maana mkojo hupimwa na daktari kwa vyombo vyake, wala haupimwi na mume kwa dhana zake. Mwenyezi Mungu amemtaka amsingiziaye mwanamke mtakatifu uzinifu alete mashahidi wanne, na akishindwa akaamuru apigwe viboko themanini na ushahidi wake usipokewe. Na mume amsingiziaye mkewe naye amewekewa hukumu yake ya kuapizana mbele ya kadhi, jambo ambalo nywele husimama kulisikia. Hii ndiyo heshima ya mwanamke katika sharia. Basi ni nani aliyetupa ruhusa ya kuivunja kwa uvumi wa barazani na jikoni?

Ama wale wanaoagua maradhi haya kwa hirizi na kuyaita jini, twawaambia waziwazi kwamba wanakula mali za watu kwa batili. Kuomba dua ni ibada, na mgonjwa aombe na aombewe. Lakini Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, na ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake. Mwenye kuiacha dawa akashika hirizi hakumtegemea Mungu, amemtegemea mwandishi wa hirizi.

Sasa na tuyatazame mafunzo ya dini yetu katika mlango wa twahara, jinsi yanavyokubaliana na wanayousia matabibu.

Kwanza, kustanji. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kuwa ni sunna, mtu akistanji kwa maji, aanze tupu ya mbele kisha ya nyuma. Tumelisoma hili chuoni utotoni, na wengi wetu tulilipita kama tunavyopita mlango wa jirani. Leo matabibu huwausia wanawake jambo lilo hilo: mkono utoke mbele kwenda nyuma, wala usitoke nyuma kuja mbele. Basi mama amfundishe bintiye tangu angali mdogo, na mwalimu wa kike wa madrasa alieleze kwa maneno yaliyo wazi.

Pili, mkono wa kushoto ndio wa kustanji, na mkono wa kulia umeepushwa na kazi hiyo. Na baada ya hapo mikono ioshwe kwa sabuni.

Tatu, kutoubana mkojo. Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kusali huku akisukumana na haja kubwa au ndogo. Ikiwa sala, nayo ni nguzo ya dini, yangojewa mtu akidhi haja yake, basi kazi na safari zina haki gani ya kutangulizwa? Mkojo ukikaa mno katika kibofu, vijidudu hupata nafasi ya kuzaana. Na hapa twailaumu nafsi yetu sisi wanaume. Twajenga misikiti yenye mazulia na taa za fahari, na mwanamke apitaye njia hapati choo kisafi cha kutawadhia. Twajenga madrasa, na wasichana hukaa asubuhi hadi adhuhuri wakijibana kwa kuwa choo hakina maji wala komeo. Mwenye kutaka sadaka yenye kuendelea na ajenge choo cha wanawake, akitie maji na mlango.

Nne, kunywa maji. Mwaka 2018 ilitangazwa natija ya uchunguzi waliofanyiwa wanawake 140 huko Bulgaria, waliokuwa wakipatwa na maradhi haya mara kwa mara na wakinywa maji machache. Nusu yao waliongezewa lita moja na nusu ya maji kila siku kwa mwaka mzima, na maradhi yao yakapungua karibu nusu kuliko ya wenzao. Katika Ramadhani basi, tusiujaze usiku kwa vyakula vya mafuta tukayasahau maji baina ya futari na daku.

Tano, kutopindukia mpaka. Wako wanaodhani kuwa twahara ni kujiosha ndani kwa sabuni kali, dawa za kuulia vijidudu, au manukato. Hilo silo lililoamrishwa. Mwilini mwa mwanamke Mwenyezi Mungu ameweka vijidudu vyema vinavyolinda mlango, na dawa hizo huwaua walinzi zikamwacha mwizi. Sharia yataka kilicho dhahiri kioshwe kwa maji safi, na wasiwasi ni katika kazi za shetani.

Sita, kukojoa baada ya tendo la ndoa. Wanavyuoni wamependekeza kwa mwanamume akojoe kabla ya kuoga janaba, na matabibu humuusia mwanamke naye akojoe, ili mkojo uchukue kilichosogea.

Lakini tahadhari, ndugu msomaji. Hizi ni sababu za kujikinga tu, wala si ngome isiyoingilika. Mwanamke atastanji vizuri, atakunywa maji, na bado atapatwa. Usije ukaitoa fimbo ya "umezini" mkononi mwako ukashika fimbo ya "u mchafu". Mgonjwa hana deni la kujitetea.

Basi akipatwa afanye nini? Aende kwa daktari, mkojo upimwe, apewe dawa inayoua kijidudu kile. Asichukue vidonge vilivyobaki kwa jirani, wala asinunue dukani vidonge viwili akavimeza na kuacha pindi maumivu yakipungua. Alexander Fleming, aliyeivumbua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 alipokuwa akipokea tuzo ya Nobel kwamba dawa chache isiyotosha huvifundisha vijidudu kuizoea. Na tuliyoonywa yametufika: ziko dawa, na septrini ni miongoni mwake, ambazo vijidudu vya mkojo katika nchi zetu vimezizoea sana. Imeze dawa kwa kadiri na siku ulizoandikiwa.

Mwenye homa, baridi ya kutetemeka, maumivu ya ubavu au mgongo, au kutapika, asingoje hata kesho. Hali kadhalika mja mzito, mtoto mdogo, mwenye sukari, na mwanamume, wasifanye subira isiyo mahali pake. Na waja wazito wapimwe mkojo hata kama hawaoni uchungu wowote, kwani huenda vijidudu vikakaa kibofuni kimya, kisha vikapanda kwenye mafigo, na mama akazaa kabla ya siku zake.

Ama ibada ya mgonjwa, asiiache sala. Ambaye mkojo wamtoka pasi na kuweza kuuzuia, wakati wa sala ukishaingia atajiosha, atajifunga kitambaa safi, atatawadha kwa kila sala ya faradhi, na atasali upesi. Kitokacho baada ya hapo amesamehewa. Na katika Ramadhani, mgonjwa ambaye funga itamdhuru amepewa ruhusa na Mola wake kula na kulipa siku nyingine. Basi aipokee zawadi hiyo, wala asijione amepungukiwa.

Yule mtu wa talaka alirudi kwetu. Safari hii hakuuliza namna ya kuandika. Aliuliza vipi atalipa yale aliyoyasema. Tukamwambia, "Dhulma ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake. Nenda kwa wazee wake, mtake radhi mbele ya wale wale walioisikia tuhuma yako, kisha umrudishe nyumbani kwa heshima, na gharama za dawa ni juu yako." Alilia, akaenda. Nasi twasema hayo hayo kwa kila mume aliyewahi kumtazama mkewe mgonjwa kwa jicho la shaka.

Ee Mwenyezi Mungu, waponye wagonjwa wetu, zisitiri nyumba zetu, utusamehe tuliyoyasema pasi na elimu, na utujaalie tuwe katika wenye kujitwahirisha nje na ndani. Amin.

Wabillahi tawfiq.