Mti Uliovishwa Joho

Je, mti unaweza kuwa mtawa? Kwa sheria za watawa wa Kibuddha jibu ni fupi: hapana. Anayetaka kupokewa utawani husimama mbele ya watawa wazee na kuulizwa maswali. Una ukoma? Una madeni? Wazazi wako wamekuruhusu? Na kati ya hayo kuna moja ambalo nilipolisoma mara ya kwanza nilicheka: wewe ni binadamu?

Swali hilo lina stori yake. Inasimuliwa kwamba naga, nyoka wa ajabu, alitamani sana utawa, akajigeuza kijana, akapokewa. Usiku usingizi ulipomchukua, umbo lake la nyoka likarudi, na mtawa waliyekuwa wakiishi chumba kimoja akapiga mayowe. Buddha akamwambia yule nyoka kwamba utawa ni wa binadamu, akaondoka akilia. Mpaka leo, nchini Thailand, kijana anayejiandaa kuingia utawani huitwa "nak", yaani naga, jina la yule aliyekataliwa.

Sasa, nyoka mwenye nia safi amekataliwa. Halafu mwaka 1988, katika mkoa wa Phayao kaskazini mwa Thailand, mtawa anayeitwa Phrakhru Manas Nathiphitak anachukua joho la rangi ya zafarani na kulifunga kwenye shina la mti. Mti haukuulizwa swali hata moja.

Haikuwa sarakasi. Misitu ya kaskazini ilikuwa ikiisha na vijito vilikuwa vikikauka. Mwezi Novemba mwaka huohuo mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua mamia ya watu kusini mwa nchi, na magogo yaliyokatwa milimani yakashuka na maji hadi vijijini. Januari 1989 serikali ikapiga marufuku ukataji wa miti kibiashara katika misitu ya asili. Lakini sisi Wakenya tunajua vizuri umbali uliopo kati ya marufuku ya mji mkuu na msumeno wa kijijini. Kwa hiyo wengine wakaendelea na majoho. Katika mkoa wa Nan, mtawa Phrakhru Pitak Nanthakhun alianza mwaka 1990 kwenye msitu wa kijiji alikozaliwa, na desturi hiyo ikaenea.

Kuna Wabuddha waliochukizwa. Joho ni la mtu aliyeacha dunia, walisema, si kitambaa cha kupamba miti. Kwa herufi ya sheria walikuwa sahihi, na watawa wenyewe hawakudai kwamba mti umekuwa mtawa. Basi je, ni uongo mtakatifu? Ni mchezo wa kuigiza mbele ya wanakijiji waogope kukata?

Wengi hulieleza hivyo: nani atathubutu kupiga shoka kitu kilichovaa joho? Mimi maelezo hayo hayanitoshi. Kama kazi ya joho ni kutisha tu, basi halina tofauti na sanamu ya kufukuzia ndege shambani, na ndege huzoea. Aliye na njaa huzoea. Mwenye kampuni ya mbao haogopi kabisa, kwa sababu yeye hafiki pale, hutuma vijana.

Kilichonibadilisha mawazo ni jambo dogo katika sherehe za Nan ambalo ni rahisi kulipita, kwa sababu picha ya mti wenye joho inavutia macho zaidi. Viongozi wa vijiji walikunywa maji yaliyobarikiwa mbele ya sanamu ya Buddha, wote wakiona, kuthibitisha kwamba wataulinda msitu. Mti haukuapa chochote. Joho liko kwenye shina, lakini kiapo kimo tumboni mwa mzee wa kijiji, na majirani zake wamemwona akikimeza. Kesho akimuuzia mtu magogo atapita wapi?

Na kwa nini mtawa ndiye awanyweshe maji hayo, si afisa wa misitu? Hapa lazima uelewe namna mtawa anavyokula. Haruhusiwi kuchimba udongo. Haruhusiwi kukata mmea. Kwa hiyo hawezi kulima hata akitaka. Asubuhi anatoka na bakuli, anapita nyumba kwa nyumba, na atakachotiliwa ndicho chakula chake. Wao wanampa wali, yeye anawapa mafundisho, anawazikia wafu, anakaa na vijana wao. Sasa fuata mnyororo huo kwenda nyuma. Kilima kimevuliwa miti, labda yakapandwa mahindi ya kuuza. Kijito kimekauka. Mpunga umekataa. Bakuli linarudi hekaluni tupu. Mtawa hahitaji kuwa na falsafa nzito ya ekolojia kujua kwamba msitu unamhusu. Anaijua kwa tumbo.

Hata mapumziko yao ya miezi mitatu wakati wa mvua, wanapokaa mahali pamoja na kuzidisha kutafakari, hayakuanzia mawinguni. Mapokeo yanasema watu walilalamika kwamba watawa wanatembea hovyo masika, wanakanyaga mimea michanga na kuua vidudu. Buddha akasikia, akawaambia watulie. Yaani utulivu ule ambao leo tunauona kama kilele cha maisha ya ndani ulitokana na malalamiko kuhusu miguu ya watu. Napenda sana jambo hilo.

Sitaki kuwachorea paradiso. Joho halikumlinda kila mtu. Phra Prajak Khuttajitto aliivisha majoho miti ya msitu wa Dong Yai, mkoa wa Buriram, wakati wanavijiji walipokuwa wakihamishwa ili mikaratusi ipandwe, na mwaka 1991 alikamatwa na polisi akiwa bado amevaa lake. Miaka michache baadaye aliacha utawa. Mwaka 2005 Phra Supoj Suvacano, aliyekuwa akitunza kipande cha msitu kaskazini, katika mkoa wa Chiang Mai, aliuawa. Kiapo cha kijiji kina nguvu mpaka pale anapoingia mtu asiyehitaji kutazamana na kijiji.

Na hapo ndipo nianze kuongea kuhusu sisi wa Nairobi, maana wengi wetu ndio mtu huyo.

Ubuddha umetufikia kwa njia ya simu. Programu ya kutafakari, sauti laini masikioni, dakika kumi kabla ya matatu kufika stejini. Si vibaya; kuna siku dakika hizo zimenisaidia nisimjibu bosi. Lakini angalia tulichochukua na tulichoacha. Tumechukua mto wa kukalia. Bakuli tumeliacha. Tumeacha ile hali ya kula kutoka mkononi mwa jirani na kwa hiyo kutoka kwenye kijito chake.

Mwaka jana nilijiunga na kikundi cha watu kumi na mmoja kinachokutana Jumamosi asubuhi katika chumba cha kukodi, ghorofa ya chini, nyuma yake kijito kinachoteremka kuelekea Mto Nairobi. Kijito kinanuka. Jua likipanda, harufu inaingia dirishani na kukaa nasi kama mwanachama wa kumi na mbili. Kiongozi wetu, mtu mpole kwelikweli, alitufundisha la kufanya: itambue harufu, usiihukumu, iache ipite.

Kama zoezi la akili, ni fundisho halali. Kama jibu kwa mavi mtoni, samahani, halitoshi. Na mkanganyiko wenyewe uko hapo: kutohukumu harufu kunakufundisha usiikimbie, na usipoikimbia unapata nafasi ya kuitazama vizuri, na ukiitazama vizuri swali linalofuata ni moja tu. Dada mmoja, kimya sana, wiki ya nne au ya tano alifumbua macho katikati ya kipindi na kuliuliza kwa sauti: "Choo cha jengo hili kinaenda wapi?"

Kiongozi alimwambia maswali ni baadaye. Baadaye ikafika, tukamwendea keateka. Mzee wa watu hakuficha. Alituzungusha nyuma ya ukuta, akatuonyesha bomba. Lilikuwa linatiririka. Kila mmoja wetu alikuwa ameenda msalani asubuhi hiyo kabla ya kukaa kwenye mto wake.

Mabishano yalichukua Jumamosi mbili. Wengine walisema wamekuja kutafuta amani, siasa za maji taka wanazo kazini. Mmoja alitaka tuhamie chumba kingine, juu zaidi, chenye upepo. Niliwaeleza habari za Nan, za wazee na yale maji. Mtu akacheka: "Hayo ya kwetu nani atakunywa?" Tulicheka wote, halafu hakuna aliyejibu.

Tumebaki watano. Tunakutana palepale, dirisha likiwa wazi. Tumemwandikia mwenye jengo barua, tukaisaini majina kamili na nambari za simu, na keateka akaomba naye atie sahihi ingawa tulimwonya kuhusu kazi yake. Alisema mama yake analima sukuma wiki kando ya maji hayohayo, huko chini, na kwamba yeye huzila kila Jumapili.