Wimbo Usio na Mwenyewe

Mtu akiokota kitu njiani, akatangaza kuwa si chake, twamsifu kwa uaminifu. Je, akikiuza huku angali akikiri kuwa si chake, tumwiteje? Swali hili hutujia tuzitafakaripo Ngoma za Kihungaria za Johannes Brahms, mtunzi Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1833.

Ngoma hizo ni 21, nazo ziliandikwa kwa ajili ya watu wawili wapigao piano moja. Kumi za kwanza zilichapishwa mwaka 1869, na zilizosalia mwaka 1880. Wapigaji huketi bega kwa bega, mmoja akishika sauti za juu na mwenziwe za chini, hata mara nyingine mikono yao hukaribia kugongana. Zama hizo santuri haikuwapo. Jamaa za Ulaya zenye uwezo ziliusikia muziki nyumbani kwa kuupiga zenyewe. Ndiyo maana vitabu hivyo vilinunuliwa sana, vikamnufaisha mchapishaji Simrock na kulieneza jina la Brahms.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Brahms hakudai kuwa amezitunga ngoma hizo. Jalada lilisema kwamba amezipanga tu, wala hakuzipa namba alizokuwa akizipa tungo zake mwenyewe. Alikuwa amezoea mahadhi ya Kihungaria tangu ujana wake, alipozunguka mwaka 1853 na Ede Reményi, mpiga fidla wa Hungaria aliyekuwa mkimbizi baada ya mapinduzi ya nchi yake kushindwa.

Walakini, kukiri kwamba kitu si chako si sawa na kumtaja mwenye nacho. Ngoma ya 5, mashuhuri kuliko zote, Brahms aliidhania kuwa wimbo wa watu wote. Kumbe ilitokana na tungo ya Béla Kéler, iitwayo kwa Kihungaria “Bártfai emlék”, yaani kumbukumbu ya mji wa Bártfa. Hapa ndipo penye uzito. Brahms hakuiba kwa kusudi. Alidanganywa na neno “jadi”. Neno hilo twalipenda sote, kwani lina heshima. Lakini pia laweza kuwa kaburi tunamomzika mtunzi angali hai.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Béla Bartók na Zoltán Kodály waliingia vijijini na mashine ya kunasia sauti. Bartók akaonyesha kwamba muziki ambao Ulaya iliuita wa Kihungaria, uliopigwa na bendi za Waroma mijini, kwa sehemu kubwa ulitungwa na Wahungaria wenye elimu, na kwamba nyimbo za wakulima zilikuwa na sura nyingine kabisa. Tunavutiwa zaidi na desturi yake ya kuandika kijiji ulikoimbwa wimbo na mwaka wake. Kazi ya kuchosha, wala haina shangwe ya jukwaani; lakini ni adabu.

Wako watakaosema kwamba pasipo Brahms wimbo wa Kéler ungalisahauliwa. Huenda. Lakini vitabu vya kwanza vilipotoka mwaka 1869, Kéler hakuwa mzee wa kale asiyejulikana kaburi lake. Alikuwa hai, kiongozi wa bendi, na tungo zake zikichapishwa. Alifariki Wiesbaden mwaka 1882. Barua moja tu ingalitosha kumwuliza.